Fridtjof Nansen

Fridtjof Nansen (10 Oktoba 1861 – 13 Mei 1930) alikuwa mpelelezi wa maeneo ya Aktiki, mwanasayansi na mwanadiplomasia kutoka nchini Norwei. Ujanani alipata umaarufu kwa kuvuka Greenland kwa skii na kwa safari ya meli yake Fram karibu na Ncha ya Kaskazini. Katika miaka 10 ya mwisho ya maisha yake alikuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Jina lake limebaki hasa katika "pasipoti ya Nansen", hati ya kwanza ya kimataifa kwa watu wasio na nchi wala vitambulisho. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922.

Maisha ya awali

Nansen alizaliwa Store Frøen, karibu na mji wa Kristiania (leo Oslo). Baba yake, Baldur Nansen, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Adelaide, alitoka katika ukoo wa Wedel-Jarlsberg na alipenda sana michezo ya nje. Mtoto huyo alizoea tangu mdogo kulala msituni siku kadhaa akijitafutia chakula mwenyewe, na akawa hodari wa skii.

Mwaka 1881 aliingia chuo kikuu akasomea zuolojia. Mwaka uliofuata alisafiri na meli ya wawinda sili hadi bahari ya Greenland, kisha akaajiriwa katika makumbusho ya Bergen. Mji huo wakati ule ulijulikana kwa utafiti wa ukoma: huko ndiko Gerhard Armauer Hansen alikogundua bakteria ya ugonjwa huo mwaka 1873, na mkuu wa makumbusho, Daniel Danielssen, alikuwa mwenyewe daktari wa ukoma. Nansen alichunguza mfumo wa neva za wanyama wa baharini, akapata shahada ya udaktari mwaka 1888. Alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kuunga mkono wazo kwamba kila seli ya neva ni kitu kinachojitegemea.

Safari za Aktiki

Mwaka huohuo wa 1888 yeye na wenzake watano walivuka barafu ya Greenland kutoka mashariki hadi magharibi. Walianzia upande wa mashariki, wenye watu wachache sana, kwa makusudi, ili wasiwe na njia ya kurudi nyuma. Walipofika Godthaab meli ya mwisho ilikuwa imeondoka, wakalazimika kukaa majira yote ya baridi kati ya Wainuit. Nansen alijifunza kwao namna ya kuvaa, kula na kupiga kasia katika mtumbwi wa ngozi, akaandika kitabu juu ya maisha yao.

Safari ya Fram (maana yake "Mbele") ilianza Juni 1893. Meli iliundwa na Colin Archer kwa umbo la mviringo ili barafu ikiibana iinuke juu badala ya kuvunjika. Waliiacha igande baharini na kubebwa na mkondo. Machi 1895 Nansen na Hjalmar Johansen walishuka wakaelekea Ncha ya Kaskazini kwa mbwa na sleji, wakafika nyuzi 86 na dakika 14 za kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu aliyejulikana kuwahi kufika. Waligeuka, wakakaa majira ya baridi katika kibanda cha mawe na ngozi kwenye visiwa vya Franz Josef, wakila nyama ya dubu. Watu wote 13 wa safari hiyo walirudi salama mwaka 1896, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika safari za Aktiki za zama hizo.

Baadaye alikuwa profesa, kwanza wa zuolojia, halafu wa oseanografia. Alishiriki katika harakati zilizoitenga Norwei na Uswidi mwaka 1905, akawa balozi wa kwanza wa nchi yake mjini London kuanzia 1906 hadi 1908. Mke wake wa kwanza, mwimbaji Eva Sars, alifariki kwa nimonia mwishoni mwa 1907. Walikuwa na watoto watano. Mwaka 1919 alimwoa Sigrun Munthe.

Kurudisha wafungwa wa vita

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mamia ya maelfu ya wafungwa wa vita walikuwa bado mbali na kwao. Wengi walikuwa Siberia, wakiwa askari wa dola la Austria-Hungaria, yaani dola ambalo lilikuwa limekwisha kuvunjika. Aprili 1920 Shirikisho la Mataifa lilimwomba Nansen awarudishe. Sababu mojawapo ya kuchaguliwa ilikuwa kwamba serikali ya Wabolsheviki ililikataa Shirikisho lenyewe, lakini ilikuwa tayari kuzungumza naye binafsi.

Fedha zilikuwa chache na kulikuwa na adui mwingine, chawa. Homa ya taifasi (isichanganywe na taifodi, ambayo huenea kwa chakula na maji) huletwa na chawa wa nguoni, na katika miaka ile iliua watu wengi mno Urusi na Polandi. Nchi nyingi ziliogopa kumpokea mfungwa kwa sababu hiyo. Nansen alifanya kazi pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyosimamia vituo vya kupitia kama Narva nchini Estonia. Huko wasafiri walioshwa na nguo zao zikasafishwa kwa joto kali kabla hawajapanda meli kwenda Ujerumani. Kufikia kiangazi cha 1922 watu zaidi ya 400,000 walikuwa wamerudishwa. Nansen alijifunza hapo jambo alilolitumia baadaye: serikali inayokataa mtu kwa hofu ya maradhi hubadilika ikionyeshwa utaratibu wa kumtibu na karatasi ya kumtambulisha.

Njaa ya Urusi

Mwaka 1921 ukame na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilileta njaa kubwa katika bonde la mto Volga. Nansen aliziomba serikali za Shirikisho mkopo, zikakataa, nyingi zikisema kwamba chakula kingeimarisha Wabolsheviki. Alisafiri mwenyewe hadi Volga, akapiga picha za wenye njaa na kuzionyesha katika mikutano ya kuchangisha fedha. Sehemu kubwa ya chakula ilitolewa na shirika la Marekani lililoongozwa na Herbert Hoover, na si haki kumpa Nansen sifa yote kama baadhi ya vitabu vinavyofanya. Hata hivyo watu wanaokadiriwa kuwa milioni 5 walikufa.

Msaidizi wake mmoja katika kazi hiyo nchini Ukraina alikuwa ofisa kijana aliyeitwa Vidkun Quisling. Ndiye yuleyule aliyekuja kushirikiana na Wanazi walipoikalia Norwei na jina lake likawa neno la kumaanisha msaliti.

Watu wasio na karatasi

Agosti 1921 Shirikisho lilimteua Nansen kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi Warusi. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameikimbia Urusi baada ya mapinduzi. Jeshi la Jenerali Wrangel lilipoondoka Krimu mnamo Novemba 1920, watu karibu 150,000 walisafirishwa kwa meli hadi Konstantinopoli (leo Istanbul). Wengine walikuwa Berlin, Paris, Belgrade, Sofia, hata Harbin nchini China.

Desemba 1921 serikali ya Lenin ilitoa amri ya kuwavua uraia wengi wao. Pasipoti za zamani zenye muhuri wa mfalme zikawa karatasi tu. Ili kuelewa uzito wa jambo hili inafaa kukumbuka kwamba kabla ya 1914 watu walivuka mipaka mingi ya Ulaya bila pasipoti. Vita vilifanya kila nchi idai hati. Hivyo wakimbizi hao walipoteza uraia katika miaka ileile ambayo kukosa hati kulikuwa kumeanza kuwa kosa.

Mtu wa namna hiyo aliishi katika duara. Hakuweza kuondoka mahali alipo kwa sababu hakuwa na hati ya kusafiria. Akivuka mpaka kwa siri alikamatwa, akafungwa, akafukuzwa. Nchi jirani nayo ilimkamata ikamrudisha. Hakuwa na balozi wa kumthibitishia kuzaliwa, ndoa au kifo cha mzazi, kwa hiyo hata kuoa kisheria au kurithi kulimshinda.

Upande wa matibabu kulikuwa na kizuizi ambacho hakionekani kwa haraka. Katika nchi kadhaa za Ulaya, mgeni maskini alipata huduma za bure, zikiwemo za hospitali, kwa kanuni ya kutendeana: nchi A humtibu raia wa nchi B kwa sababu nchi B humtibu raia wa nchi A. Kanuni hiyo ni ya haki kati ya mataifa mawili. Lakini asiye na taifa hakuwa na nchi ya kulipa wema huo kwa niaba yake, na hivyo alibaki nje ya mapatano yote. Hakuna aliyetunga sheria ya kumnyima dawa. Sheria haikumjua tu. Na mtu anayeogopa kufukuzwa hukawia kujitokeza hata akiwa mgonjwa. Katika makambi yenye msongamano ya Konstantinopoli na nchi za Balkani, ambako taifasi na kifua kikuu vilikuwepo, ukawiaji wa namna hiyo ulikuwa hatari kwa wenyeji pia.

Pasipoti ya Nansen

Nansen aliitisha mkutano wa serikali mjini Geneva mwezi Julai 1922. Hakuziomba zitoe uraia, maana alijua zingekataa. Aliomba jambo dogo: kila serikali itoe cheti cha utambulisho kwa mkimbizi Mrusi aliyeko kwake, chenye jina, mahali pa kuzaliwa, kazi, picha na maelezo ya umbo, na serikali nyingine zikubali kukitambua. Nchi 16 zilikubali mwanzoni, na baadaye idadi ikapita 50. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen, ingawa kisheria hakikuwa pasipoti.

Udhaifu wake ulikuwa mkubwa. Kilikuwa karatasi moja ya kukunjwa, iliyodumu mwaka mmoja. Hakikumpa mwenye nacho haki ya kufanya kazi. Hakikumhakikishia hata kurudi katika nchi iliyokitoa, na kwa sababu hiyo balozi nyingi zilisita kumpa viza: nani angempokea tena muda wake ukiisha? Mwandishi Vladimir Nabokov, aliyekuwa nacho, alikichukia na kukiona kama alama ya kumshusha hadhi. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Lakini wengine walikitumia kutoka mahali pasipo na kazi hadi penye kazi, hasa Ufaransa, ambako viwanda na migodi vilihitaji watu baada ya vita. Mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, mchoraji Marc Chagall na mcheza dansi Anna Pavlova ni baadhi ya watu mashuhuri waliokuwa nacho. Wengi zaidi walikuwa madereva wa teksi, washonaji, vibarua na wajane. Jumla ya vyeti vilivyotolewa inakadiriwa kuwa 450,000.

Mwaka 1924 utaratibu ulipanuliwa kwa Waarmenia walionusurika mauaji ya halaiki katika dola la Osmani, na mwaka 1928 kwa Waashuru na makundi mengine madogo. Mwaka 1926 ilianzishwa stempu ya Nansen, yenye sura yake, ya thamani ya faranga 5 za dhahabu. Mkimbizi mwenye uwezo aliilipia kila cheti kilipofanywa upya, na fukara alisamehewa. Fedha hizo zilisaidia makazi mapya pamoja na wazee, watoto na wagonjwa. Kwa maneno mengine, wakimbizi walichangia matunzo ya wakimbizi wenzao, kwa kuwa serikali za Shirikisho zilikubali kulipia gharama za ofisi tu.

Mapatano ya 1928 ndiyo yaliyogusa lile duara lenyewe. Yalipendekeza wawakilishi wa Kamishna Mkuu wafanye baadhi ya kazi za balozi, kama kuthibitisha utambulisho, ndoa na mwenendo wa mkimbizi. Yalipendekeza pia kwamba mkimbizi asinyimwe haki fulani kwa sababu tu ya kukosekana kutendeana, na kwamba asifukuzwe ikiwa hana nchi ya kumpokea. Yalikuwa mapendekezo, si amri, na serikali nyingi ziliyapuuza zilipotaka.

Wakimbizi wa Asia Ndogo

Septemba 1922 jeshi la Uturuki liliingia Izmir, na Wagiriki na Waarmenia wengi wakakimbilia baharini. Ugiriki, nchi ya watu wasiozidi milioni 6, ilipokea zaidi ya milioni moja kwa muda mfupi. Nansen alikwenda huko haraka kuandaa chakula na mahema. Tume ya magonjwa ya mlipuko ya Shirikisho ilisaidia kuwachanja wakimbizi dhidi ya ndui, kipindupindu na taifodi. Pamoja na hayo wengi walikufa kwa taifasi, baadhi yao katika vituo vya karantini kama kisiwa cha Makronisi.

Katika kipindi hicho Nansen alifanya jambo linalolaumiwa hadi leo. Aliunga mkono wazo la kubadilishana wakazi kati ya Ugiriki na Uturuki, na mkataba wake ulitiwa saini Lausanne mnamo Januari 1923. Ubadilishanaji ulikuwa wa lazima na ulifuata dini: Wakristo Waorthodoksi karibu milioni 1.2 walihesabiwa kuwa Wagiriki, na Waislamu wasiopungua 350,000 wakahesabiwa kuwa Waturuki, hata kama lugha yao ya nyumbani ilikuwa ya upande wa pili. Watetezi wake husema wengi walikuwa wamekwisha kukimbia na mkataba ulizuia mauaji zaidi. Hoja hiyo ina nguvu kwa waliokwisha kukimbia. Haina nguvu kwa wakulima Waislamu wa Krete na Makedonia waliokuwa bado majumbani mwao.

Tuzo ya Nobel alitunukiwa Desemba 1922, katikati ya kazi hiyo. Fedha zake alizitoa kwa misaada ya wakimbizi Wagiriki na kwa vituo vya kilimo nchini Urusi.

Waarmenia

Mwaka 1925 Nansen alitembelea Armenia ya Kisovyeti kuchunguza kama makumi ya maelfu ya Waarmenia waliotawanyika wangeweza kupewa makazi huko kwa kumwagilia nyanda kame. Mpango ulihitaji mkopo. Mataifa makubwa yaliyokuwa yamewaahidi Waarmenia nchi yao wakati wa vita yalikataa kuudhamini, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1929 ukaachwa. Nansen aliuhesabu kuwa kushindwa kwake kukubwa, akaandika juu yake kwa uchungu. Wakimbizi wengi walibaki Siria na Lebanon, ambako mitaa ya mabanda ilijengwa upya pole pole kuwa makazi ya kudumu.

Kifo na kazi iliyofuata

Nansen alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 13 Mei 1930 nyumbani kwake Polhøgda, Lysaker. Mazishi ya kitaifa yalifanyika tarehe 17 Mei, siku ya taifa ya Norwei, na majivu yake yalizikwa chini ya mti katika bustani yake.

Shirikisho lilianzisha Ofisi ya Kimataifa ya Nansen ya Wakimbizi, iliyoendelea na kazi hadi 1938 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huohuo. Chini yake ulipatikana mkataba wa wakimbizi wa 1933, ambao kwa mara ya kwanza ulizifunga nchi zilizouridhia zisimrudishe mkimbizi mpakani mwa nchi aliyoikimbia. Mkataba huo ulitaja waziwazi wagonjwa, wazee, wajawazito na watoto, ukitaka watendewe kama wageni wanaopendelewa zaidi, pamoja na matibabu ya daktari na ya hospitali. Nchi chache tu ziliuridhia, tena kwa masharti. Wayahudi waliokimbia Ujerumani kuanzia mwaka huo hawakuwekwa chini ya Ofisi ya Nansen. Walipewa kamishna wa peke yake asiye na nguvu, na nchi nyingi zikawafungia milango.

Mambo mengi ya 1933 yaliingizwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wakimbizi wa 1951, ikiwemo kumwondolea mkimbizi sharti la kutendeana na kumpa hati ya kusafiria. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimeuridhia. Wahamiaji wasio na hati ambao si wakimbizi kisheria hawamo katika mkataba huo. Haki yao ya matibabu inategemea mikataba ya jumla ya haki za binadamu na sheria za kila nchi.

Tangu 1954 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hutoa tuzo yenye jina la Nansen. Wa kwanza kuipata alikuwa Eleanor Roosevelt. Julius Nyerere aliipata mwaka 1983, miaka michache baada ya Tanzania kutoa uraia kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 2023 ilikwenda kwa Abdullahi Mire, Msomali aliyelelewa katika kambi za Dadaab nchini Kenya, kwa kazi yake ya kuwapatia watoto wa wakimbizi vitabu.